Migomba Imetulia

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama uani kwangu, mtaa wa Pasua mjini Moshi, mume wangu Aminieli akinikabidhi jani la isale. Kwa ambaye hakuwa nasi, nitarudia kidogo tu.

Naitwa Eunike. Nilikuwa fundi wa simu, nikajifundisha mwenyewe kurusha droni mpaka nikapata leseni. Kazi yangu ilikuwa kupeleka dawa kutoka kwenye paa la duka la Kiran, mjini Moshi, hadi vijiji vya juu mlimani ambako mvua ikinyesha hata pikipiki hazipandi. Aminieli ndiye aliyekuwa jicho langu huko juu. Nikishafikisha droni juu ya kihamba cha mtu, yaani shamba la nyumbani kwake, nampigia simu, naye ananiambia upepo ukoje kabla sijateremsha mzigo kwa kamba.

Upepo wa katikati ya migomba hauonekani kwenye picha ya kamera. Unaonekana kwenye majani. Jani la mgomba likicheza kidogo, nasubiri. Likipigapiga, narudisha mzigo mjini. Aminieli alikuwa na maneno yake ya kuniruhusu: "Migomba imetulia." Nikiyasikia hayo, nateremsha.

Siku ya ajali aliyasema. Nikateremsha. Upepo ukaubeba mzigo, kamba ikajisokota kwenye mti wa mgrevilea, na droni ikamwangukia Mzee Wenseslaus aliyekuwa akipogoa kahawa yake. Ikamvunja mkono. Mzigo wenyewe ulikuwa dawa ya sukari ya mke wake, Mama Dominika.

Kijiji kikapiga marufuku droni. Leseni yangu ikasimamishwa mpaka mkaguzi wa usalama wa anga aje kunihoji. Akiridhika, narudi kazini. Asiporidhika, sirushi tena maisha yangu yote.

Ndipo Aminieli akaja na isale.

"Peleka, yaishe," aliniambia.

"Nikipeleka isale nimekiri kosa."

"Kwani rimoti ilikuwa mkononi mwa nani?"

Nikafikiri. Mimi si mwepesi wa kujibu. Rimoti ilikuwa mkononi mwangu, hilo halina ubishi. Na upepo wa mlimani unaweza kugeuka wakati maneno ya mtu bado yako njiani. Sikuona sababu ya kumlaumu aliyesema kweli muda mfupi kabla kweli haijabadilika.

Nikalichukua.

Wasomaji wa mikoa mingine mniruhusu nieleze. Isale ni jani refu la mmea ambao sisi huku tunaupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea kwa mkono wake, amekusamehe, na jambo lile halifukuliwi tena, si na yeye wala na wewe. Kulikataa ni jambo zito. Watu huku wamesameheana damu kwa sababu ya jani hilo.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Elimringi, ndiye aliyelibeba kwa niaba yangu, kwa sababu mkosaji hapeleki peke yake. Aminieli alikuwa nyuma yetu, amevaa koti la harusini.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia Mzee Wenseslaus.

"Marahaba. Karibuni. Eunike, leo umekuja kwa miguu? Afadhali. Nilikuwa naangalia juu tangu asubuhi."

Watu wakacheka. Mimi nilishindwa.

"Miaka yote mke wangu ananiambia nitaanguka kutoka juu," aliendelea. "Hakuniambia kwamba juu ndiko kutaniangukia."

Mzee Elimringi akamnyooshea isale. Akasema kwa Kichagga, kisha akarudia kwa Kiswahili ili mjumbe mmoja wa kijiji aliyehamia kutoka mkoa mwingine aelewe: "Eunike amekosa. Anaomba."

Mzee Wenseslaus akalipokea kwa mkono mzima, ule mwingine ukiwa na plasta, umening'inizwa shingoni. Akalichomeka juu ya mlango wa nyumba yake.

"Nimepokea. Limekwisha. Sasa leteni pombe ya mbege, mkono wa kushikia kata haukuvunjika."

Nililia, wasomaji wangu. Nililia kwa kushukuru.

Mama Dominika akanivuta jikoni, akanipa bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi. Alikuwa anakoroga chungu huku akinitazama kama mtu anayetaka kusema jambo na hajui kama ni adabu.

"Ila wewe binti una moyo," alisema. "Upepo ule, na wewe unateremsha kamba?"

"Upepo uligeuka ghafla, mama."

"Uligeuka wapi? Ulianza asubuhi. Si ulinichanachania migomba yote ya upande wa mto? Ng'ombe alikula majani siku ile mpaka akayasusa. Mzee mwenyewe alikuwa anapogoa huku ameshikilia kofia."

Kijiko kikakaa mdomoni.

"Na Aminieli alisimama wapi, mama?"

"Aminieli? Siku ile sikumwona. Nilisikia mlio wa droni nikatoka mwenyewe."

"Labda alikuwa nyuma ya migomba."

"Labda. Lakini yule huwa haendi nyuma ya migomba kabla hajaja kuniomba kiburu changu cha ndizi na maharage. Labda siku ile alikuwa ameshiba."

Alisema kwa utani. Nikamaliza mtori, nikasema aika, asante yetu, nikatoka.

Tukiwa njiani kuteremka nilimuuliza Aminieli, taratibu, kama ninavyouliza mambo yote.

"Siku ile ulisimama wapi?"

"Pale pale pa siku zote. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Limekwisha, Eunike. Umesikia mzee. Limekwisha."

Nikamwamini. Mama Dominika ni mtu mzima, nikajiambia, huenda amechanganya siku. Migomba humficha mtu, na mimi mwenyewe sikuzoea kumwona Aminieli kwenye kamera. Nilizoea kumsikia.

Kesho yake nikaenda kwa Kiran dukani. Kiran ni mtu wa kufurahi haraka. Kuniona tu akaacha maboksi.

"Dada Eunike! Mzee amepokea?"

"Amepokea."

"Ashukuriwe Mungu. Basi sasa hata ile kampuni haitaleta maneno."

"Kampuni ipi?"

"Hiyo ya Aminieli. Wale wa droni kubwa kutoka Dar." Akanitazama vizuri. "Si wewe uliyemtuma aongee nao? Mimi niliwakuta sokoni Kiboriloni, kwenye banda la nyama, nikawasalimia."

"Lini, Kiran?"

"Siku ya ajali. Wewe nilikuacha juu ya paa na rimoti yako, mimi nikaenda kumpelekea mteja dawa ya pumu. Nikamkuta shemeji amekaa nao."

Nikakaa juu ya katoni ya dripu.

"Akapigiwa simu wakati uko pale?"

"Eeh, akapigiwa. Akatoka nje ya banda, akatazama juu, akasema migomba imetulia. Akarudi, akaendelea na mfupa wake. Mimi nikacheka, nikadhani anaongea na kibarua wake wa shambani." Uso wa Kiran ukaanza kubadilika. "Dada. Aliyepiga alikuwa wewe?"

Nilikuwa naiona Kiboriloni. Kule kuna ndizi tele, lakini zimeshakatwa, zimelala chini zinangoja wanunuzi. Hakuna mgomba wa kuutazama.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza baadaye.

"Nikuambie nini? Nilidhani siku ile umemweka mtu mwingine mlimani. Halafu baada ya ajali wewe mwenyewe ukasema upepo umegeuka ghafla. Kila aliyeuliza ulimjibu hivyo. Ningekubishia vipi, na mimi sijui upepo?"

Alikuwa sahihi. Aminieli hakuhitaji kujitetea. Nilimtetea mimi, bila kuombwa, kwa kila mtu aliyeniuliza.

Jumamosi kikao cha kijiji kikakaa kwenye uwanja wa kanisa. Nilipanda nikiwa nimeyapanga maneno yangu, machache, bila matusi. Nilitaka kusema kitu kimoja tu: siku ya ajali hapakuwa na mtu wa kuniangalizia upepo, na mimi sikujua.

Lakini Mzee Elimringi alianza yeye.

"Ndugu zangu, mambo ya ajali yamekwisha kwa njia ya wazee wetu. Isale limepokelewa. Kwa hiyo droni zitarudi, maana wagonjwa wetu wanaumia. Ila zitarudi kwa utaratibu mpya, chini ya kampuni kubwa. Na wametuchagulia msimamizi ambaye ni mtu wetu, anayeijua milima hii. Simama wakuone."

Aliyesimama alikuwa Aminieli. Koti lile lile la harusini.

Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja nyuma yangu akanigusa bega. "Hongera, mama. Kazi imebaki nyumbani."

Nikasimama.

"Mwenyekiti, naomba kusema. Siku ya ajali, mtu aliyetakiwa kuwa huku juu..."

"Eunike."

Alikuwa Mzee Wenseslaus. Hakupaza sauti. Aliinua tu ule mkono wenye plasta.

"Isale lako liko juu ya mlango wangu," alisema. "Unataka nikalitoe?"

Watu wote wakanigeukia.

"Hapana, mzee."

"Maana nakusikia kama unataka kusema kosa halikuwa lako. Kama halikuwa lako, uliniletea nini mkononi?"

Nikisema halikuwa langu, isale lile linakuwa la uongo. Kumpelekea mtu isale la uongo ni kosa kubwa kuliko kumwangushia droni. Mkono huunga. Hilo lingewafuata watoto wangu hata wasiozaliwa.

"Kaa, binti yangu," alisema, na alisema kwa upole kabisa, ndiyo maana liliniuma. "Tumeshasamehe. Usituharibie msamaha wetu."

Nikakaa.

Aminieli hakunitazama. Watu walipopiga makofi tena, naye akapiga.

Nilimngoja kwenye njia ya kuteremkia, chini ya miparachichi. Alipoona niko peke yangu akapunguza mwendo.

"Ulikuwa unakula nyama Kiboriloni," nilimwambia.

"Nani amekwambia?"

"Hujasema si kweli."

Akatazama pembeni. "Nilikuwa natafuta kazi kwa ajili yetu wote wawili. Wageni walikuja siku hiyo hiyo, ningewaambia nini? Nilitazama mlima kutoka kule, ulikuwa mweupe, hauna wingu. Nikajua kumetulia."

"Ungeniambia nisirushe."

"Ungeniuliza kwa nini. Wewe kila kitu unauliza."

"Sawa. Na hiyo kazi ya wawili, mbona imetajwa jina moja?"

"Kampuni haiwezi kumchukua mtu aliyeangusha droni."

"Aliyeangusha ni nani, Aminieli?"

Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Sikuona hasira machoni mwake. Niliona mtu aliyelifikiria jibu lake siku nyingi.

"Umepeleka isale wewe, Eunike. Si mimi."

Akanipita.

Nilikaa pale chini ya miparachichi. Nilikumbuka asubuhi ile uani, alivyolichagua jani lisilo na doa, alivyolifunga fundo mwenyewe nikimtazama. Nilikuwa nimemshukuru. Nilimwambia, "Sijui ningefanya nini bila wewe."

Hakurudi nyumbani. Nikasikia amepangiwa chumba Kiboriloni, karibu na ofisi mpya.

Wiki iliyofuata nikapigiwa simu na mkaguzi. Mwanamke, sauti kavu, isiyo na haraka. Atafika Jumatatu.

"Samahani," nilimuuliza, "huku tumeshasuluhisha kwa mila. Ninaruhusiwa kueleza yote?"

"Mama, mila ni zenu, tunaziheshimu. Mimi nitakuuliza nini kilitokea. Droni iliyoangukia mtu mmoja inaweza kuangukia mwingine. Nataka kujua kwa nini, basi."

Nilipokata simu nikapumua kwa mara ya kwanza tangu kikao. Isale lilinifunga kwa Mzee Wenseslaus, nami nitaheshimu hilo mpaka kufa. Halikunifunga kwa Aminieli. Yeye hajaniomba chochote. Mkononi kwangu hajaweka kitu.

Na hapa, wasomaji, wengine mtanicheka. Nilimpigia Aminieli nikamwambia.

"Jumatatu nitamweleza mkaguzi ulikuwa wapi. Nakwambia mapema usije ukasema nimekuvizia."

"Nimesikia," alisema.

Jumapili, watu wakitoka ibadani, geti langu likagongwa.

"Fungua, mke wangu. Nimekuja na mjomba. Nimekuletea isale."

Nilisimama upande wa ndani, mkono kwenye komeo. Nililiona kupitia upenyo wa bati. Jani refu, bichi, limefungwa fundo.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Nikilishika, nimesamehe. Nikisamehe, sifukui. Jumatatu mkaguzi ataniuliza, nami nitabaki na jibu lile lile la kwamba upepo uligeuka. Leseni yangu itakwenda, na ukweli wake utabaki umechomekwa juu ya mlango wangu.

"Liweke hapo chini," nilisema.

"Isale haliwekwi chini. Unajua."

"Basi nenda nalo."

"Unalikataa?" Mjomba wake ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kuogopa.

"Silikatai, mjomba. Shikamoo. Geti tu ndilo sijafungua."

Jirani yangu Ndelilio, tunayechangia naye ua na niliyekwisha kumsimulia yote, alikuwa anaanika shuka. Akapaza sauti makusudi wasikie hadi barabarani: "Shemeji, leo umekuja na majani tu? Mbuzi umemwacha Kiboriloni kwenye banda la nyama?"

Wanawake waliokuwa wanasukana nywele kibarazani wakaangua kicheko. Nyayo zikaondoka getini.

Nilidhani yamekwisha. Nikaingia ndani, nikaanza kuandaa nyaraka za mkaguzi.

Mchana ulipoanza kupoa nikausikia mlio.

Ninaujua mlio wa droni kama mnavyojua sauti za watoto wenu. Hii ilikuwa kubwa kuliko yangu, mapanga yake ya kurukia mazito. Na ilikuwa inakuja chini, juu ya mabati ya Pasua, mahali ambapo hata mimi na leseni yangu sikuwahi kuthubutu kupita. Jambo la kwanza nililomfundisha Aminieli, kabla hata ya kumwonyesha rimoti inashikwaje, ni kwamba hatupiti juu ya vichwa vya watu.

Nikatoka mbio.

Ilikuwa imesimama angani juu ya ua wetu, nyeupe, ikiyumba. Chini yake inateremka kamba, na mwisho wa kamba lile jani, na fundo lake.

"Wanawake, tokeni hapo!" nilipiga kelele. "Ingieni ndani!"

Waliosukana waliinuka, lakini hawakuondoka. Walikuwa wanatazama juu, midomo wazi. Watoto walikuwa wamejaa kutoka nyua zote, wanaruka, wanajaribu kuligusa jani. Ndelilio alikuwa katikati ya ua amembeba mjukuu wake, ameganda.

Kisha taa ya tumboni mwa droni ikageuka nyekundu, ikaanza kukonyeza.

Hiyo naijua. Betri inaisha.

Simu yangu ikaita mfukoni.

"Lipokee, Eunike," Aminieli alisema. "Ukilishika tu naiondoa."

"Betri yako inaisha! Chini kuna watu! Iondoe sasa hivi!"

"Lipokee kwanza."

"Uko wapi? Unaona nini huko uliko? Huku kuna upepo!"

"Hakuna upepo," alisema, kwa sauti ile ile, ya utulivu ule ule niliouamini miaka yote. "Kumetulia."

Shuka la Ndelilio lilichomoka kwenye kamba ya kuanikia, likapaa, likajipiga ukutani.

Droni ikainama upande mmoja. Kamba ikapita juu ya vichwa vya watoto, ikarudi, ikapita tena, na sasa ilikuwa inakuja moja kwa moja usoni kwa Ndelilio na mtoto mikononi. Mtu akiishika anaweza kuivuta ile mashine hadi nyuma ya choo, ambako hakuna mtu. Ni lazima aishike sasa.

"Eunike!" Ndelilio alilia. "Shika! Shika hicho kitu!"

Kati ya jani na kamba tupu palikuwa na nafasi ya kiganja kimoja tu, na vyote viwili vilikuwa vinazunguka.

Nikaitupa simu. Nikaruka, mkono juu, nikiilenga kamba, si jani.